Tochi imesoma 63, mshale ulikuwa 58: tofauti imetoka wapi?

Swali

Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Naendesha Noah namba nyeupe kati ya Moshi na Arusha. Wiki iliyopita nikitokea Moshi, nimeshapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA naelekea Usa River, nilisimamishwa nikaambiwa nimepigwa tochi (kile kifaa cha askari cha kupimia mwendo), 63 kwenye kibao cha 50. Nilionyeshwa picha kwenye simu, chini yake imeandikwa 63 km/h na 247 m. Mimi mshale wa spidi niliutazama, ulikuwa 58. Nyuma yangu kulikuwa na lori la Fuso linakuja mbio, na upande wa pili magari yanapishana. Je, inawezekana tochi ilisoma Fuso, kosa nikapewa mimi? Niseme pia kwamba miezi miwili iliyopita nilibadilisha matairi, yalikuwa 195/65R15, sasa ni 205/70R15 ili gari linyanyuke kidogo. Na kuna jamaa anauza kifaa cha kubandika kiooni kinachopiga kelele ukikaribia tochi. Kinasaidia? – Dereva, Bomang'ombe

Jibu

Ndugu yangu, picha uliyoonyeshwa ina namba mbili. Madereva wengi huitazama 63 peke yake kwa kuwa ndiyo inayogusa mfuko, lakini sehemu kubwa ya majibu yako iko kwenye ile ya pili, 247. Ukiielewa imepatikanaje, suala la Fuso linajibika lenyewe.

Kabla ya hapo, hata tukiuamini mshale wako, 58 ni zaidi ya 50. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80 hata nje ya maeneo hayo. Kwa hiyo tofauti ya 58 na 63 haikuondolei kosa. Ni lazima tuitafute hata hivyo, kwa sababu kama mshale unakusomea pungufu leo, utakusomea pungufu kesho na keshokutwa, ukiwa na abiria saba nyuma.

Tochi ya leza, kwa lugha ya fundi, ni futi kamba ya mwanga. Haipimi mwendo moja kwa moja. Inapima umbali, tena na tena, kwa haraka kubwa, kisha inakokotoa mwendo kutokana na jinsi umbali ule unavyobadilika. Inarusha mpigo mfupi wa mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 905. Mpigo unagonga gari, sehemu yake ndogo inarudi kwenye lenzi, na saa iliyo ndani ya kifaa inahesabu muda uliopita. Mwanga hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde. Kwenda na kurudi kwa gari lililo mita 247 ni mita 494, safari inayochukua takriban mikrosekunde 1.65, yaani chini ya sehemu mbili za milioni za sekunde moja.

Hapa ndipo penye ufundi, na ndipo watu wengi wanapokosea wakidhani tochi "inapiga picha ya spidi". Saa ya kifaa ikikosea kwa nanosekunde moja tu, umbali unakosewa kwa sentimita 15. Sasa chukua gari linalokwenda 63, ambayo ni mita 17.5 kwa sekunde, na tochi inayorusha mipigo 125 kwa sekunde. Kati ya mpigo mmoja na unaofuata, gari limesogea sentimita 14. Msogeo unaotafutwa ni mdogo kuliko kosa linaloweza kuwemo kwenye kipimo kimoja! Kwa hiyo tochi haiwezi kutumia vipimo viwili na kutoa jibu. Inakusanya vipimo vingi, kama 40 hivi ndani ya theluthi moja ya sekunde, inavipanga kwenye mstari mmoja wa umbali dhidi ya muda, kisha inatafuta mteremko wa mstari huo. Mteremko ndio mwendo wako. Vipimo vikijipanga vizuri, inatoa namba. Vikiwa vimetawanyika, kwa mfano vingine vimetoka kwenye gari lako na vingine kwenye gari la jirani, inatakiwa ikatae na kuonyesha alama ya kosa badala ya kutoa wastani. Kwa kupangilia hivyo, tochi nzuri hufikia usahihi wa kilomita 2 kwa saa juu au chini.

Mwanga huo ni wa daraja la 1 la usalama wa leza, haudhuru macho ya dereva wala ya abiria. Nalitaja kwa sababu wapo wanaohofia.

Sasa Fuso. Hofu yako ina mizizi ya kweli, ila mizizi hiyo ni ya enzi za rada. Rada ya mkononi hurusha mawimbi ya redio, kwa mfano ya gigahezi 24.15, na kusikiliza jinsi mlio unaorudi ulivyobadilika kwa sababu ya mwendo wa gari. Boriti yake ni pana, nyuzi 12 hivi kwa nyingi. Kwa umbali wa mita 247, nyuzi 12 zinatanda upana wa mita 52. Ndani ya upana huo umo wewe, limo Fuso, yamo na magari yanayopishana upande wa pili, na pengine boda wawili. Chombo kinachorudisha mwangwi mkubwa, kama bodi la lori, kinaweza kukimeza chombo kidogo kilicho mbele yake. Isitoshe, rada ya kawaida ya mkononi haitoi umbali. Picha yako ina umbali, kwa hiyo uliyopigwa ni leza.

Mwali wa leza hutanuka kidogo sana, karibu milimita 3 kwa kila mita moja ya safari. Mita 100, upana wa sentimita 30. Mita 247, sentimita 74. Noah ina upana wa karibu mita 1.7. Maana yake mwali mzima unaingia ndani ya uso wa gari lako na kubakiza nafasi kila upande. Ukigonga pleti namba yako haufiki kwenye Fuso, kwa sababu gari lako limelikinga. Na kama askari alilenga juu mno, mwali ukapita juu ya paa la Noah ukagonga kibini ya Fuso, basi umbali ulioandikwa ungekuwa wa Fuso. Fuso likiwa mita 30 nyuma yako, kifaa kingeandika 277 wakati wewe uko 247.

Ndiyo maana nasema 247 ndiyo shahidi wako. Umbali unaweza kuhakikiwa hata baada ya wiki: kwenye picha gari lako lilikuwa limefika wapi? Kwenye mti gani, kibao gani, mlango wa duka gani? Askari alisimama wapi? Ukipima kati ya sehemu hizo mbili ukapata karibu 247, aliyesomwa ni wewe. Ukipata mita 215, una hoja nzito. Tazama pia alama ya msalaba katikati ya picha, ile inayoonyesha mwali ulipogonga. Ikiwa kwenye pleti namba, taa au boneti yako, hakuna cha kubishania. Ikiwa hewani juu ya paa au kwenye ukingo wa gari, uliza.

Hali hubadilika kwa umbali mkubwa. Mita 700, mwali una upana wa zaidi ya mita 2, mpana kuliko Noah. Kwenye barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru, magari mawili yakienda sambamba, mwali wa umbali huo unaweza kugusa yote mawili. Kipimo cha mita 150 hadi 300 kina nguvu kuliko cha mita 700, na mpimaji anayeijua kazi yake husubiri gari lisogee.

Kuna kosa moja la kweli upande wa tochi linaloweza kukuongezea mwendo, nalo ni mtelezo wa mwali. Tochi inadhani inapima sehemu ileile ya gari tangu mpigo wa kwanza hadi wa mwisho. Mkono wa mpimaji ukishuka, mwali ukateleza kutoka chini ya kioo cha mbele, ukapita juu ya boneti hadi kwenye pleti namba, sehemu inayopimwa nayo imesogea kumwelekea mpimaji. Kifaa kinaona umbali umepungua kwa haraka kuliko gari lilivyokwenda. Kwako, kilomita 5 za ziada zingehitaji mtelezo wa sentimita 42 tu ndani ya sekunde 0.3. Ukiteleza mita nzima, ziada inafika kilomita 12 kwa saa. Kifaa kina ulinzi, kwa kuwa mruko wa ghafla, mathalani kutoka kiooni hadi bampa, unavunja ule mstari na kipimo kinakataliwa. Kinachoweza kupenya ni mtelezo laini, wa mwendo mmoja, juu ya bapa lililoinama. Kwa hiyo ni jambo linalowezekana lakini halitokei kirahisi, na dawa yake inajulikana: mpimaji aegemeze mkono au atumie stendi, alenge pleti namba, ashikilie, kisha achukue kipimo cha pili. Vipimo viwili vinavyokubaliana haviwezi kuwa vyote vimetokana na mkono kuteleza kiasi kilekile.

Kosa jingine linalotajwa sana vijiweni ni la pembe. Askari hasimami katikati ya barabara, anasimama pembeni, kwa hiyo anakupima kimshazari. Ni kweli. Lakini pembe hukupunguzia mwendo, haikuongezei kamwe. Gari linalokwenda 63 likipimwa na mtu aliye mita 5 kando ya mstari wake, kutoka mita 247, upungufu ni mdogo hata haufiki sehemu mbili za mia za kilomita moja kwa saa. Akipima kutoka mita 50 huku amesimama mita 10 kando, kifaa kitaandika kama 61.7. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "alinipiga kwa pembe ndiyo maana imezidi", ujue hesabu imegeuzwa.

Mvua, ukungu na vumbi navyo humeza mwanga. Asubuhi ya masika, au ukungu wa Julai unapolala barabarani, tochi inapata umbali mfupi au inakataa kabisa, lakini haikutengenezei mwendo ambao hukwenda. Usiku inafanya kazi kama mchana, kwa kuwa inatumia mwanga wake yenyewe.

Tuje kwenye gari lako, na hapa ndipo ninapoona chanzo cha tofauti yako.

Mshale wa spidi hauujui mwendo wa gari. Unahesabu mizunguko, kisha unazidisha kwa mzingo wa tairi lililowekwa kiwandani. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo hiki: rimu inchi 15 ni milimita 381, ongeza kuta mbili za tairi, kila moja asilimia 65 ya 195, yaani 126.75. Jumla ni milimita 634.5. Tairi lako jipya la 205/70R15: 381, ongeza mara mbili ya 143.5, unapata 668. Tairi limekua kwa asilimia 5.3. Kila mzunguko mmoja gari linakwenda mbele zaidi ya lilivyokuwa likienda, lakini mshale haujaambiwa. Mshale uliokuwa sahihi kabisa zamani, sasa ukionyesha 58 gari liko 61. Ukionyesha 50, gari liko karibu 52.6. Kwenye 80 uko 84.

Kwa kawaida watengenezaji huuweka mshale usome juu kidogo ya ukweli. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, hairuhusu mshale usome chini ya mwendo halisi, na inauruhusu uzidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Akiba hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikikulinda bila wewe kujua. Ulipofunga matairi makubwa uliila yote au sehemu yake kubwa. Jambo hili linawapata zaidi wenye Land Cruiser za safari hapa Arusha, ambao hutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, ongezeko la asilimia 7.

Bado hatujafika 63. Kilichobaki huenda kipo kwenye swali hili: uliutazama mshale lini? Ukiwa mita 247 kutoka kwa askari, kwa mwendo wa 63, unamfikia baada ya sekunde 14. Mtu aliyesimama pembeni umbali huo humwoni vizuri. Unamwona akiwa mita 100 au chini ya hapo. Yaani kati ya kupimwa na kumwona zimepita sekunde 8 hivi. Dereva yeyote akiona sare nyeupe mguu unanyanyuka wenyewe, na jicho linakwenda kwenye mshale baada ya mguu, si kabla. Kuachia mafuta kwa sekunde mbili kunatosha kupunguza kilomita 5. Unachokikumbuka wewe na kilichoandikwa na tochi ni nyakati mbili tofauti, na kila kimoja kinaweza kuwa cha kweli kwa wakati wake.

Usiniamini kwa maneno, pima. Njia ya kwanza ni GPS ya simu. Tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na magari mengi, shikilia mshale kwenye 60 kwa nusu dakika bila kukanyaga wala kuachia, na mtu aliyekaa kando yako asome mwendo kwenye simu. GPS huchelewa sekunde moja au mbili, kwa hiyo haifai ukiwa unaongeza au unapunguza, ila kwa mwendo uliotulia inakaribia ukweli kwa kilomita moja hivi. Njia ya pili haihitaji intaneti wala setilaiti. Kando ya barabara kuu kuna nguzo za kilomita. Shika 60 kwenye mshale, mwenzako aanze kuhesabu muda mkipita nguzo moja na asimamishe kwenye nguzo iliyo kilomita moja mbele. Gawanya 3,600 kwa sekunde alizopata. Sekunde 60 ni 60 kamili. Sekunde 57 ni 63. Sekunde 62 ni 58. Rudia mara tatu, na usipime kwenye mteremko mkali ambako mwendo hautulii. Ukishajua tofauti, bandika karatasi ndogo kwenye dashibodi: "50 halisi = mshale 47" au vyovyote utakavyopata. Au rudi kwenye saizi iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, jambo ambalo mimi ningelichagua, kwa sababu Noah iliyonyanyuliwa kwa matairi breki zake pia zinafanya kazi dhidi ya gurudumu kubwa kuliko lililokusudiwa.

Kilomita 13 juu ya 50 zinaonekana ndogo ukiwa ndani ya gari. Kwa mtoto anayevuka zinakuwa hivi. Chukua lami kavu, breki nzima, na dereva anayehitaji sekunde 1.5 kuona na kukanyaga. Kutoka 50, gari linasimama baada ya mita 35. Kutoka 63 linahitaji mita 48. Pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, gari la pili bado linakwenda kilomita 49 kwa saa. Yaani linampiga mtu kwa karibu mwendo uleule ambao mwenzake alikuwa nao kabla hajagusa breki. Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, kote huko kuna masoko na shule zinazogusa lami. Namba 50 pale ina maana yake.

Kifaa cha jamaa usinunue. Vingi vinavyouzwa ni visikiliza rada, na leza si rada. Haitoi mawimbi ya redio, kwa hiyo kifaa kitakaa kimya kabisa. Kitapiga kelele kwa vitu vingine, kama milango ya maduka inayojifungua na vihisi vya magari mapya, mpaka uzoee kukipuuza. Vile vyenye jicho la leza navyo vina tatizo lisilo na dawa. Kutoka mita 247 mwali una upana wa sentimita 74 na umelengwa pleti namba, chini, wakati kifaa kimebandikwa juu kiooni. Na hata kikiuona mwanga, mwanga huo ndio kipimo chenyewe. Theluthi moja ya sekunde na kazi imeisha, wakati mguu wako unahitaji sekunde nzima na zaidi kufika kwenye breki.

Kupaka pleti namba matope au kuipulizia dawa ya kung'arisha hakusaidii pia. Pleti ina rangi inayorudisha mwanga ulikotoka, ndiyo maana inalengwa, lakini taa za mbele nazo zina vioo vya kurudisha mwanga, na bampa lenyewe linatosha kwa umbali wa mita mia mbili. Utakachopata ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Ukisimamishwa siku nyingine, egesha mahali salama, washa hazadi, na omba kwa upole kuona picha. Aliyepima mara nyingi hayuko na anayekusimamisha, kwa hiyo picha inakuja kwenye simu, isubiri. Soma namba ya gari, mwendo, umbali, tarehe na saa, na alama ya msalaba imekaa wapi. Viandike au omba uvipige picha. Unaweza kuuliza, bila kejeli, kama kifaa kimejaribiwa siku hiyo. Majaribio yenyewe ni mafupi: kifaa kikiwashwa kinajichunguza na kuonyesha tarakimu zote, mpimaji analenga nguzo na kupitisha mwali kulia na kushoto, kisha juu na chini, kuhakikisha mlio unabadilika pale msalaba unapogusa ukingo, halafu anapima umbali anaoujua, kwa mfano mita 30 na 60, kwenye kitu kisichosogea, na mwendo lazima usome sifuri. Jaribio la msalaba ndilo linalohusu zaidi hofu kama yako. Msalaba uliopinda kwa milimita 3 tu kwa kila mita unauweka mwali sentimita 74 kando ya pale mpimaji anapodhani amelenga, na kwenye foleni ya magari hilo ni gari jingine.

Ukikubali kosa, notifikesheni (hati ya faini) ni shilingi 30,000, inalipwa kwa kumbukumbu namba, na deni linaonekana ukiingiza namba ya gari kwenye TMS, mfumo wa polisi wa mtandaoni wa makosa ya barabarani. Usimpe mtu fedha mkononi. Usipokubali, una haki ya kukana na shauri likaenda mahakamani. Hapo ndipo umbali, msalaba na majaribio ya kifaa vinapokuwa na kazi. Kama gari lina ving'amuzi vya mwendo, mfano mabasi yenye VTS (mfumo wa kufuatilia mwenendo wa gari) ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, rekodi ya dakika ile inaweza kulinganishwa na ya tochi.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza, nalo ndilo ningelifuatilia la kwanza kama ningekuwa na picha yako mkononi. Kibao cha 50 kilikuwa wapi? Tochi haikupimi pale aliposimama askari. Imekupima mita 247 kabla yake. Rudi pale ukiwa huna abiria, egesha nje ya lami, anza pale aliposimama mpimaji na utembee ukirudi nyuma, upande wa Moshi, hadi kwenye kibao. Pima hatua zako kwanza kwa futi kamba: tembea hatua 20, pima urefu wote, gawa kwa 20. Watu wazima wengi hupata karibu sentimita 75, na kwa hatua hiyo mita 247 ni hatua 329. Kibao kikiwa hatua 400 kutoka aliposimama mpimaji, ulikuwa umeshakipita kwa zaidi ya mita 50 ulipopimwa. Kikiwa hatua 280, ni mita 210, na maana yake tochi ilikusoma mita 37 kabla hujakifikia. Piga picha ya kibao, simu ikiwa imewashwa GPS ili ionyeshe mahali ulipo, na ukienda kulikana kosa uende na hesabu hiyo iliyoandikwa.